Chupa Iliyozuiwa Mpakani: Uchambuzi wa Kesi ya Granholm dhidi ya Heald

Juanita Swedenburg alilima mizabibu karibu na mji wa Middleburg, jimbo la Virginia. Upande wa pili wa Marekani, huko Lodi, California, David Lucas naye alikuwa na kiwanda chake kidogo cha mvinyo. Shida yao ilikuwa moja. Watalii walifika shambani, wakaonja, wakapenda, wakanunua chupa mbili tatu wakaenda zao. Chupa zilipoisha, mteja aliyerudi kwao New York alitaka kuagiza nyingine, na jibu likawa haiwezekani. Mvinyo ulikuwepo, na magari ya kusafirisha mizigo yalikuwepo pia. Kilichozuia ni sheria ya New York, ambayo haikutaka chupa kutoka Virginia ifike mlangoni kwa mnunuzi, ilhali shamba lililomo ndani ya New York liliruhusiwa kumtumia mteja huyohuyo, kwa barabara hiyohiyo.

Kesi yao iliunganishwa na nyingine kutoka Michigan, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa tarehe 16 Mei 2005 kwa jina la Granholm dhidi ya Heald. Watu wengi huisimulia kama siku ambayo mahakama iliruhusu mvinyo kutumwa majumbani. Sivyo ilivyokuwa, na hilo ndilo lililonisukuma kuiandika. Mahakama haikumpa mtengenezaji yeyote haki ya kutuma hata chupa moja. Ilichosema ni kwamba jimbo likiwafungulia watu wake, liwafungulie na wa nje, na likitaka kuwafungia wote, lifunge. Yaliyofuata yaliamuliwa katika mabunge ya majimbo. Huko, waliousukuma mlango mpaka ukafunguka walikuwa mara nyingi wakulima wa mizabibu wa jimbo lenyewe, wale ambao sheria ya zamani ilisemekana inawalinda.

Ngazi tatu

Ili kuelewa kwa nini chupa ya mvinyo ilikuwa na masharti ambayo kitabu au kiatu hakina, inabidi turudi mwaka 1920, pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima kwa Marekebisho ya 18 ya Katiba. Marufuku ilidumu hadi tarehe 5 Desemba 1933, Marekebisho ya 21 yalipoiondoa. Lakini marekebisho hayo hayakusema tu kwamba pombe sasa ni ruksa. Kifungu chake cha pili kilikataza kuingiza pombe katika jimbo lolote kinyume cha sheria za jimbo hilo. Kwa maneno mengine, suala la pombe lilikabidhiwa majimbo, kila moja lijitungie utaratibu wake.

Majimbo mengi yalichagua mfumo wa ngazi tatu. Mtengenezaji anauza kwa muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla anauza kwa duka au baa, na duka linamuuzia mnywaji. Kila ngazi ina leseni yake, na mtu wa ngazi moja kwa kawaida haruhusiwi kumiliki ngazi nyingine. Hofu iliyouzaa mfumo huu ilikuwa ya kweli. Kabla ya marufuku, viwanda vya bia vilizimiliki au kuzifadhili baa, na mwenye baa alisukumwa auze kwa wingi kadiri awezavyo bila kujali mlevi anaishia wapi. Kumweka muuzaji wa jumla katikati kulivunja kamba hiyo, na kukaipa serikali mahali pamoja pa kukusanyia kodi.

Siudharau mfumo huo. Tatizo lake lilikuja baadaye, dunia ya mvinyo ilipobadilika. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, Marekani ilikuwa na viwanda vya mvinyo zaidi ya 3,000, vingi vikiwa vya familia. Wauzaji wa jumla nao walikuwa wakimezana. Hukumu yenyewe inataja kwamba kati ya 1984 na 2002 walipungua kutoka 1,600 hadi 600. Sasa mfikirie mmoja wa walalamikaji wa kesi ya Michigan, kiwanda cha Domaine Alfred cha San Luis Obispo, California, kilichotengeneza katoni 3,000 kwa mwaka. Hizo ni chupa 36,000 za kugawanywa nchi nzima. Muuzaji wa jumla wa Michigan anayejaza malori kwa majina makubwa hana sababu ya kuhangaika na katoni 20 za mtu asiyejulikana. Na muuzaji wa jumla akikataa, kisheria huna njia nyingine ya kumfikia mteja. Ngazi iliyowekwa ili kumlinda raia dhidi ya viwanda vikubwa imegeuka ukuta mbele ya kiwanda kidogo.

Wakati huohuo intaneti ilikuwa inamleta mteja mlangoni. Kati ya 1994 na 1999, fedha walizotumia Wamarekani kununua mvinyo wa kutumiwa moja kwa moja ziliongezeka mara mbili, zikafika dola milioni 500 kwa mwaka, kama asilimia 3 ya mauzo yote ya mvinyo.

Kufuli mbili za namna tofauti

Michigan ilikuwa inafunga waziwazi. Viwanda vya ndani, ambavyo wakati huo vilikuwa kama 40, vilistahili leseni iliyoruhusu kumtumia mteja chupa hadi nyumbani. Kiwanda cha nje kiliweza kulipa dola 300 kupata leseni ya muuzaji wa nje, lakini leseni hiyo ilikiruhusu kumuuzia muuzaji wa jumla wa Michigan tu. Eleanor na Ray Heald, waandishi wa habari za mvinyo waliokuwa wakiishi Michigan, walikuwa miongoni mwa waliofungua kesi. Jina la Granholm ni la Jennifer Granholm, gavana wa Michigan kesi ilipofika juu.

New York ilifunga kwa ustaarabu zaidi. Kwenye karatasi, kiwanda cha nje kiliruhusiwa kutuma mvinyo kwa wakazi wake mradi kwanza kifungue tawi ndani ya jimbo, liwe la kiwanda, ofisi au ghala. Hebu tafakari maana yake kwa mama mwenye shamba Virginia. Apange jengo New York, aajiri watu, akodi ghala, ili amtumie mteja chupa sita. Na ili auze katika majimbo 50, afungue matawi mangapi? Mahakama iliona kwamba hakuna hata kiwanda kimoja cha nje kilichoitumia ruhusa hiyo. Kwangu mimi hapa ndipo ilipo nguvu ya kesi hii, kwa sababu sharti la New York ni la aina tunayokutana nayo kila mahali. Hakuna aliyekatazwa, ila waliowekewa gharama wasizoweza kuzibeba ni wa nje peke yao.

Mahakama za chini hazikukubaliana. Michigan ilishinda kwanza, kisha mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, yaani ya kanda ya majimbo inayoijumuisha Michigan, ikawapa ushindi akina Heald. Kule New York mambo yalikwenda kinyume. Jaji wa mwanzo aliona sheria inavunja Katiba, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa pili ikaitengua hukumu hiyo. Mahakama mbili za rufaa zikisoma Katiba moja na kutoa majibu mawili, Mahakama ya Juu ina kila sababu ya kuingilia. Ilisikiliza hoja tarehe 7 Desemba 2004.

Vifungu viwili uso kwa uso

Upande mmoja kulikuwa na kifungu cha Katiba kinacholipa Bunge la Marekani mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo. Kwa muda mrefu mahakama zimekisoma kifungu hicho kuwa kinayazuia majimbo yasiwabague wafanyabiashara wa majimbo mengine, hata pale Bunge lisipotunga sheria yoyote. Upande wa pili kulikuwa na kile kifungu cha pili cha Marekebisho ya 21. Majimbo yalisema kwamba Katiba imetaja jambo hili kwa jina, pombe tumeachiwa sisi, na kanuni ya biashara haiingii hapa.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alilijibu hilo kwa historia. Kabla hata ya marufuku, Bunge lilitunga sheria mwaka 1890 na nyingine mwaka 1913 ili kuyasaidia majimbo yaliyotaka kuwa makavu. Majimbo hayo yalikuwa yakipiga marufuku pombe ndani, kisha pombe ikaingia kutoka nje kwa kivuli cha biashara kati ya majimbo. Kwa usomaji wa Kennedy, sheria hizo zilikusudia kuyapa majimbo uwezo wa kuitendea pombe ya nje sawasawa na ya ndani. Hazikuyapa uwezo wa kuitendea vibaya zaidi. Marekebisho ya 21 yakarudisha hali hiyo na kuiandika kwenye Katiba. Tena mwaka 1984, katika kesi ya Bacchus, mahakama ilikwisha kuiambia Hawaii kwamba haiwezi kuisamehe kodi pombe ya kienyeji na kuitoza ya wengine, na Marekebisho ya 21 hayakuiokoa.

Likabaki swali moja. Jimbo linaweza kubagua likionyesha sababu nzito isiyoweza kutimizwa kwa njia nyingine. Je, sababu hiyo ipo? Majimbo yalileta mbili.

Ya kwanza ilikuwa watoto. Kijana wa miaka 16 ataagiza mvinyo mtandaoni na utaletwa nyumbani. Hoja hii inagusa moyo wa mzazi, na mimi nisingependa ipuuzwe. Lakini haikustahimili kuchunguzwa. Kama sanduku la mvinyo ni hatari kwa kijana, hatari hiyo haitegemei limetoka Virginia au limetoka kilomita 50 ndani ya New York. Michigan ilikuwa tayari inaviruhusu viwanda vyake kutuma. Zaidi ya hapo, wakati huo majimbo 26 yalikuwa yanaruhusu utumaji wa moja kwa moja kwa namna fulani, na ripoti ya mwaka 2003 ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoyahoji majimbo hayo ilionyesha malalamiko kuhusu watoto ni machache mno. Kijana anayetafuta pombe kwa kawaida hachagui chupa ghali ya kusubiri wiki nzima. Na kwa yule atakayejaribu, kuna dawa rahisi: mletaji mzigo adai kitambulisho na sahihi ya mtu mzima mlangoni.

Ya pili ilikuwa kodi. Hapa Michigan ilijikwaa kwenye utaratibu wake yenyewe. Ilidai kwamba bila muuzaji wa jumla kodi itapotea, kumbe kodi ya mvinyo unaoingia kutoka nje haikuwa ikikusanywa kwa wauzaji wa jumla. Jimbo lilikuwa linaichukua moja kwa moja kwa viwanda vya nje, juu ya mvinyo vinaowauzia wauzaji hao. Kama unaweza kumtoza kodi mtu wa California anapomuuzia muuzaji wa jumla, unaweza pia kumtoza anapomuuzia raia. Mpe leseni, mdai ripoti ya mauzo kila kipindi, akikaidi mnyang'anye leseni. Juu ya hayo, kila kiwanda kina kibali cha serikali ya shirikisho ambacho kinaweza kupotea kikivunja sheria za jimbo. Mwenye shamba dogo hawezi kuhatarisha kibali hicho kwa ajili ya kodi ya katoni mbili.

Majaji waligawanyika 5 kwa 4, na kwa namna isiyozoeleka. Scalia na Ginsburg, ambao mara nyingi hawakuwa upande mmoja, walikuwa pamoja na Kennedy, Souter na Breyer. Waliopinga walikuwa Stevens, O'Connor, Thomas na Rehnquist.

Waliopinga nao wasikilizwe kwa heshima. Jaji Stevens alizaliwa Aprili 1920, miezi michache baada ya marufuku kuanza, na maoni yake yana uzito wa mtu anayekikumbuka kizazi kile. Alieleza kwamba kwa watu wa 1933 pombe haikuwa bidhaa kama nyingine. Kwa wengi wao ilikuwa suala la maadili, na ndiyo maana waliiandikia kifungu chake. Sisi tukiiona leo kuwa bidhaa ya kawaida, hilo halifuti walichokiandika. Jaji Thomas naye alichambua maneno ya sheria ya 1913 na ya Marekebisho ya 21, akaona yanasema wazi kuwa jimbo ndilo linaloamua, na kwamba uamuzi huo wa sera si wa majaji. Nikikisoma kile kifungu cha pili peke yake, bila historia, naona kwa nini walifika walikofika. Ninachoshindwa kukubali ni pale wanapofikia. Kama majimbo yana uhuru usio na mipaka juu ya pombe, basi mkulima wa Virginia hana pa kwenda kabisa. Hapigi kura New York, wala mbunge wa New York hamjui.

Mlango ulifunguliwaje

Hukumu ilizipa Michigan na New York njia mbili: kuwafungulia wote au kuwafungia wote. Njia ya pili ilikuwa halali kabisa, na kule Michigan wauzaji wa jumla waliitaka. Wao wenyewe walikuwa sehemu ya kesi, na kwao mlango uliofungwa kwa kila mtu ulikuwa bora kuliko uliofunguliwa.

Kilichozuia ni kwamba viwanda vidogo vya Michigan vilikuwa vimekwisha kuonja faida ya kumtumia mteja mvinyo. Kuwafungia wote kungekuwa kuwanyang'anya wao kwanza. Wakulima wale wale waliotajwa mahakamani kama wanaolindwa dhidi ya ushindani wa California wakajikuta wanapigania mlango ambao Wacalifornia pia wangepitia. Desemba 2005 Michigan ikatunga sheria mpya. Kiwanda chochote cha Marekani kilipe dola 100 kupata leseni ya kutuma, kisizidishe katoni 1,500 kwa mwaka kwa jimbo zima, kilipe kodi, na mzigo upokelewe na mtu mzima. New York ilikuwa imetangulia Julai mwaka huohuo, ikaweka kikomo cha katoni 36 kwa mteja kwa mwaka.

California, ambayo tungedhani ilikuwa mwathirika safi, nayo ilikuwa na lake la kurekebisha. Tangu 1986 ilikuwa na sheria ya kulipizana, yaani jimbo likiruhusu mvinyo wetu, nasi tutaruhusu wake. Majimbo 13 yalikuwa na sheria za namna hiyo, na Mahakama ya Juu iliziweka katika fungu moja na zile za kufunga, kama dalili za vita vya chini kwa chini vya kibiashara kati ya majimbo. California ikabadilisha yake kuanzia Januari 2006.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshaona kinachofanana na hapa kwetu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005, miezi minne tu kabla ya hukumu hii, na ibara ya 15 ya itifaki yake inazikataza nchi wanachama kubagua bidhaa za wenzao kwa sheria au kwa hatua za kiofisi. Ni kanuni ileile ya Granholm, tena imeandikwa wazi zaidi kuliko ilivyo kwenye Katiba ya Marekani. Mkulima wa zabibu wa Dodoma anayewaza soko la Nairobi au Kigali ana sababu ya kuifuatilia kesi hii, hasa yale maneno “kwa hatua za kiofisi”. Kufuli ya New York iliandikwa kwenye sheria, lakini ilifanya kazi kwa namna hiyo.

Sheria zisizotaja jina la mtu

Baada ya 2005 hakuna jimbo lililoweza kuandika waziwazi kwamba wa ndani ruksa, wa nje marufuku. Ubishi ukahamia kwenye sheria zinazoonekana sawa kwa wote.

Massachusetts ilitunga sheria mwaka 2006 isiyotaja kabisa mvinyo umetoka wapi. Ilitaja ukubwa tu. Kiwanda kinachotengeneza galoni 30,000 au pungufu kwa mwaka, yaani kama lita 113,500, kiliweza kuuza kwa muuzaji wa jumla, kwa maduka, na pia kwa mteja moja kwa moja. Kilichozidi hapo kilitakiwa kuchagua: ama muuzaji wa jumla, ama mteja moja kwa moja. Ukiisoma haraka utaipongeza, kwani nani asiyependa kumsaidia mdogo? Lakini viwanda vyote vya Massachusetts vilikuwa chini ya mstari huo, na asilimia 98 ya mvinyo wote wa Marekani ilitengenezwa na vilivyo juu yake. Januari 2010 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kwanza iliifuta sheria hiyo, ikisema ni ubaguzi katika athari zake na katika nia yake. Hata hivyo bunge halikuandika sheria mpya haraka. Wakazi walisubiri mpaka tarehe 1 Januari 2015, baada ya kampeni iliyomhusisha hata Drew Bledsoe, mchezaji wa zamani wa Patriots, timu ya mpira wa Kimarekani, ambaye baada ya kustaafu alianzisha kiwanda cha mvinyo Walla Walla, jimbo la Washington, na hakuweza kuwatumia mashabiki wake wa Boston chupa.

Indiana na Kentucky zilikuja na sharti lingine: mteja afike kiwandani ana kwa ana kwanza, ndipo atumiwe mvinyo. Sharti linamhusu kila mtu. Ila kwa mkazi wa Indiana kufika shamba la jimboni mwake ni matembezi ya Jumamosi, na kufika Oregon ni tiketi ya ndege. Mwaka 2008 mahakama mbili za rufaa zililiangalia. Iliyosikiliza kesi ya Indiana ilisema sharti ni halali, linasaidia kuhakiki umri. Iliyosikiliza ya Kentucky ilisema ni ubaguzi. Majimbo hayo yametenganishwa na mto Ohio tu. Mimi nakubaliana na ile ya Kentucky. Umbali ni gharama kama ghala lilivyokuwa gharama, na anayeibeba ni yuleyule wa mbali.

 Majimbo mengine yalifunguka polepole kwa siasa za ndani: Pennsylvania mwaka 2016, ambako mauzo ya mvinyo yalikuwa mikononi mwa serikali ya jimbo, kisha Alabama Agosti 2021. Utah bado haimruhusu raia kutumiwa mvinyo nyumbani, na kwa kuwa haimpendelei yeyote, Granholm haina la kuifanya.

Biashara yenyewe ilikua kupita matarajio. Mwaka 2021 mvinyo uliotumwa moja kwa moja kutoka viwandani ulizidi thamani ya dola bilioni 4, ingawa tangu hapo umeshuka. Lakini tusimsahau mwenye katoni 3,000. Leo ameruhusiwa karibu kila mahali, na kila mahali pana leseni yake, ada yake, kikomo chake cha katoni, viwango vyake vya kodi, fomu zake za mwezi au za robo mwaka, na maandishi ya kubandika kwenye sanduku. Posta ya taifa hairuhusiwi kisheria kubeba pombe, kwa hiyo anategemea kampuni binafsi kama FedEx na UPS na bei zake za sahihi ya mtu mzima. Viwanda vingi hulipa kampuni nyingine iwafuatilie kodi na leseni. Kiwanda kikubwa hilo hakilihisi. Kwa kidogo, majimbo 10 ya kwanza yanaweza kulipa gharama zake, na mengine 30 yasiyo na wateja wa kutosha yanaachwa. Wabunge wanaoandika sheria hizi wangeyapima hayo kabla ya kuongeza fomu nyingine.

Sentensi moja ya Kennedy

Katika hukumu ile, Jaji Kennedy aliyatuliza majimbo. Alisema mfumo wa ngazi tatu wenyewe ni halali bila shaka, na kilichokosewa ni kubagua wazalishaji. Pengine bila maneno hayo asingepata kura ya tano. Lakini sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ngao ya majimbo, lilipofika swali la maduka badala ya viwanda. Kama kiwanda cha nje hakibaguliwi, je, duka la nje?

Mwaka 2019, katika kesi ya Tennessee, Mahakama ya Juu kwa kura 7 kwa 2 ilifuta sharti la kuishi jimboni miaka miwili kabla ya kupata leseni ya duka la pombe, ikisema kanuni ya kutobagua haiishii kwa wazalishaji. Wengi waliamini mlango wa maduka umefunguka.

Ndipo Michigan ikarudi mahakamani. Jimbo lilikuwa limeruhusu maduka yake kumtumia mteja mvinyo kwa kampuni za usafirishaji, huku likiyazuia ya nje. Kampuni ya Lebamoff, yenye maduka Fort Wayne, Indiana, ikafungua kesi. Jaji wa mwanzo aliipa ushindi mwaka 2018. Aprili 2020, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, ileile iliyowapa ushindi akina Heald mwaka 2003, ikatengua. Jaji Jeffrey Sutton alieleza kwamba duka la Michigan linanunua kwa muuzaji wa jumla wa Michigan, ambako jimbo linadhibiti bei, na duka la Indiana haliwezi. Kulifungulia ni kuitoboa ngazi ya katikati, na ngazi hiyo Mahakama ya Juu ilishasema ni halali. Januari 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya Lebamoff.

Hoja ya Sutton imejengwa vizuri, na bado sioni inavyosimama. Kiwanda cha California kinapomtumia mtu wa Detroit chupa, nacho kinaruka ngazi ya katikati, na Michigan imeishi na hilo tangu 2005 bila mfumo wake kuanguka. Kwa sasa, mkazi wa Detroit akitaka chupa ya shamba la Lodi, ataagiza kwa mwenye shamba na italetwa kwa sahihi yake. Ikiwa chupa hiyohiyo imebaki kwenye rafu ya duka la Fort Wayne, saa chache kwa gari, duka hilo haliruhusiwi kumtumia.